Nyota Tano Zinapima Nini?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye genge la matunda usemi huo haupingiki: mnunuzi analibonyeza embe, analinusa, ndipo anatoa pesa. Lakini una sharti ambalo wahenga hawakulitaja, kwa sababu kwao lilikuwa dhahiri. Mnunuzi lazima aweze kukitambua kizuri kabla hajalipa. Sharti hilo likiondoka, usemi unageuka: kibaya kinajiuza kwa bei ya kizuri, na kizuri kinarudi nyumbani na mwenyewe.

Soko la mtandaoni limeliondoa sharti hilo. Simu iliyotumika unaiona pichani tu. Muuzaji yuko Mwanza, wewe uko Mtwara. Jina lake ni la akaunti, na ukishatuma pesa huna pa kumshika. Hata hivyo, mamilioni ya watu duniani hununua hivyo kila siku, na wengi wao hupata walichoagiza. Kati yao na muuzaji kuna safu ya nyota tano na mistari michache iliyoandikwa na watu ambao nao hawajulikani. Inawezekanaje maneno ya usiowajua yakufanye umwamini mwingine usiyemjua? Tuanzie chini kabisa, tupande hatua kwa hatua.

Soko linavyokufa bila mwizi

Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, alichapisha makala fupi kuhusu soko la magari yaliyotumika. Majarida matatu yalikuwa yameikataa. Mwaka 2001 kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Swali lake lilikuwa rahisi: nini hutokea sokoni pale muuzaji anapojua ubora wa bidhaa na mnunuzi hajui?

Tulijibu kwa simu. Tuseme simu nzima ina thamani ya shilingi 400,000 kwa mnunuzi. Kimeo, yaani ile itakayoanza kuzima yenyewe baada ya wiki mbili, kina thamani ya 100,000. Mwenye simu nzima hashuki chini ya 300,000. Mwenye kimeo anaridhika na chochote kinachozidi 50,000. Nusu ya simu zilizopo ni nzima, nusu ni vimeo, na zote zinang'aa sawasawa.

Mnunuzi mwenye akili anapiga hesabu. Akinunua bila kujua, ana nafasi moja kati ya mbili ya kupata thamani ya 400,000 na nafasi moja kati ya mbili ya kupata thamani ya 100,000. Wastani wake ni 250,000, na zaidi ya hapo hatoi. Mwenye simu nzima anasikia 250,000, anairudisha mfukoni, anaondoka. Sokoni wamebaki wenye vimeo. Wanunuzi nao wanalijua hilo, na bei inaporomoka hadi 100,000.

Tazama kilichopotea. Kulikuwa na watu tayari kuuza simu nzima kwa 300,000, na watu ambao wangefurahi kuinunua hata kwa 400,000. Hawakufanya biashara. Hakuna aliyeiba wala aliyesema uongo. Taarifa ndiyo iliyokosekana, na soko likafa.

Sasa tubadilishe namba moja tu. Tuseme katika kila simu tatu, mbili ni nzima. Wastani wa mnunuzi unakuwa theluthi mbili za 400,000 jumlisha theluthi moja ya 100,000, yaani 300,000 kamili. Hapo mwenye simu nzima anakubali kuuza. Kwa namba zetu, basi, soko linasimama pale mnunuzi anapoamini kuwa uwezekano wa kupata simu nzima umefika theluthi mbili. Tuushike mstari huo. Kazi ya kwanza ya maoni ya wateja ni kumvusha mnunuzi kutoka nusu hadi ng'ambo ya theluthi mbili.

Wateja kumi na wawili wa kesho

Taarifa peke yake haitoshi, kwa sababu muuzaji si jiwe. Aliyekuwa mwaminifu jana anaweza kubadilika leo. Tujiulize basi ni kitu gani kinachomshikilia.

Tumchukue muuzaji anayenunua simu nzima kwa 280,000 na kuiuza kwa 300,000. Faida yake ni 20,000. Siku moja anaangukiwa na kimeo cha 50,000. Akikiuza kama simu nzima, anaondoka na 250,000 kwa mkupuo, ambayo ni 230,000 zaidi ya faida yake ya kawaida. Gawanya 230,000 kwa 20,000: unapata 11.5. Hii ina maana kwamba udanganyifu huo ukimfukuzia wateja kumi na wawili wa kesho, amepata hasara. Ukimfukuzia wachache kuliko hao, amepata faida.

Katika hesabu hii hatukumdai muuzaji moyo safi. Tumemdai kesho tu. Mtu mwenye tamaa kamili atauza simu nzima kwa uaminifu, ilimradi kesho yake ina wateja wa kutosha na wateja hao watasikia alichofanya leo.

Kutoka hapo yanafuata mambo matatu. La kwanza, mnunuzi aliyetapeliwa akanyamaza hana nguvu yoyote. Yeye hununua simu mara moja kwa miaka kadhaa, na hata akiapa kutorudi, muuzaji amepoteza mteja mmoja tu. Nguvu yake iko kwenye sauti inayowafikia wengine kumi na wawili. La pili, muuzaji anayepanga kufunga akaunti Ijumaa hazuiliwi na nyota zozote Alhamisi. La tatu, kadiri donge la kutapeli linavyokuwa nono, ndivyo wateja wa kesho wanavyohitajika wengi zaidi. Dalali anayepata shilingi 500,000 kwa kila kiwanja halali, akijaribiwa kutoroka na milioni 20 za mteja mmoja, anazuilika tu kama anaogopa kupoteza wateja 39. Madalali wenye wateja 39 wanaosubiri foleni ni wachache. Ndiyo maana nyota zinalinda vizuri biashara ndogo zinazojirudia, na zinalinda vibaya biashara kubwa ya mara moja.

Barua za Fustat na ubao wa California

Tatizo hili ni la kale kuliko kompyuta. Katika karne ya 11, wafanyabiashara wa Kiyahudi wanaojulikana na wanahistoria kama Wamaghribi waliuza bidhaa kandokando ya Bahari ya Kati, kati ya Fustat iliyo sehemu ya Cairo ya leo, Sicily na pwani ya Afrika Kaskazini. Mwenye mali hakuweza kusafiri na kila shehena. Aliikabidhi kwa wakala aliyeko ng'ambo, na wakala angeweza kuandika kwamba bei ilikuwa mbaya au mzigo umelowa. Nani angemkagua?

Barua zao nyingi zilihifadhiwa katika chumba cha sinagogi la Ben Ezra mjini Cairo, na zikaja kusomwa na watafiti wa nyakati zetu. Mwaka 1989 mwanauchumi Avner Greif alieleza alichokiona ndani yake: wafanyabiashara walipashana habari kuhusu mwenendo wa mawakala, na aliyemdhulumu mmoja alihatarisha kazi aliyopewa na wengine. Hesabu yetu ya wateja kumi na wawili ilikuwa ikifanya kazi, kwa wino na karatasi.

Utaratibu huo ulikuwa na mpaka wake: ulifaa kundi lililofahamiana. Mtu wa nje hakujua barua zinasema nini, na hakuwa na njia ya kuandika yake ikaaminika. Mtandao ulivunja ukuta huo. Septemba 1995, huko California, Pierre Omidyar alifungua tovuti ya mnada ambayo baadaye iliitwa eBay. Kitu cha kwanza kuuzwa hapo kilikuwa kurunzi ya leza iliyoharibika, kwa dola 14.83. Wageni walianza kuuziana, malalamiko yakaanza, na Februari 1996 Omidyar akaweka ubao wa wazi. Wanunuzi na wauzaji wangepeana alama: moja ya kujumlisha, sifuri, au moja ya kutoa, pamoja na maneno machache. Mtu yeyote duniani angeweza kusoma.

Je, ubao huo una thamani inayopimika? Paul Resnick na wenzake walilipima swali hili kwa jaribio waliloliripoti mwaka 2006. Muuzaji wa eBay mwenye jina lililojengeka kwa muda mrefu aliuza postikadi za kale kwa jina lake. Postikadi za kulingana nazo akaziuza kwa akaunti mpya zisizo na historia. Bidhaa zilikuwa za namna moja na mkono uliozifunga ni ule ule. Kilichobadilika ni jina. Wanunuzi walikuwa tayari kulilipa jina la zamani asilimia 8.1 zaidi.

Asilimia hiyo ina maana mbili. Kwa muuzaji mkongwe ni malipo ya uaminifu wake wa miaka. Kwa mgeni ni kodi ya kuingilia, na kodi hiyo ina kazi yake. Mtandaoni jina jipya linapatikana bure kwa dakika chache. Kama majina mapya yangeaminiwa sawa na ya zamani, kila tapeli angelitupa jina lililochafuka na kufungua jingine asubuhi. Mgeni mwema anaumia kwa makosa ya wageni wabaya, lakini bila maumivu hayo jina la mtu yeyote lisingekuwa na thamani ya kulindwa.

Uthibitisho mwingine unatoka mjini Seattle. Michael Luca, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Harvard, alilinganisha mapato ya migahawa ya mji huo na nyota zake kwenye tovuti ya Yelp. Aligundua kuwa ongezeko la nyota moja lilikwenda na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9. Athari hiyo ilikuwa kwa migahawa inayojitegemea. Kwa ile ya kampuni zenye matawi kila mahali haikuonekana, na kanuni yetu inaeleza sababu: chapa inayojulikana tayari imeshampa mteja taarifa. Nyota huongeza kitu pale tu palipokuwa na giza.

Tatu kwa tatu, tisini na tano kwa mia

Tuje kwenye kusoma nyota. Muuzaji wa kwanza ana maoni matatu, yote mazuri. Wa pili ana maoni mia moja, tisini na tano mazuri na matano mabaya. Yupi wa kuaminiwa? Ukitazama asilimia, wa kwanza ana 100 na wa pili 95. Wengi humchagua wa kwanza, na wengi hukosea.

Msaada unatoka kwa mwanahisabati Mfaransa, Pierre-Simon Laplace, aliyejiuliza swali la ajabu: kama jua limechomoza kila siku tunayoikumbuka, kuna uwezekano gani lichomoze kesho? Kanuni yake ni nyepesi. Chukua idadi ya mara jambo lilipotokea, ongeza moja. Chukua idadi ya mara zote, ongeza mbili. Gawanya ya kwanza kwa ya pili. Ni kana kwamba kabla ya kuanza kuhesabu tumewaweka wateja wawili wa kufikirika, mmoja ameridhika na mwingine hakuridhika, ili watukumbushe kwamba tulianza bila kujua.

Muuzaji asiye na maoni yoyote anapata 1 kwa 2, yaani nusu. Ndiyo hali ya soko letu la simu lililokufa. Mteja mmoja akiridhika, muuzaji anapanda hadi 2 kwa 3, na hiyo ndiyo theluthi mbili tuliyoishika. Mteja wa pili anampandisha hadi 3 kwa 4. Maoni ya kwanza machache yanabeba mzigo mkubwa kuliko yote yatakayofuata, ndiyo maana wauzaji wapya huyasaka kwa udi na uvumba. Oni la mia moja na moja halitikisi kitu.

Sasa tumhukumu kila mmoja. Mwenye tatu kwa tatu anapata 4 kwa 5, sawa na asilimia 80. Mwenye tisini na tano kwa mia anapata 96 kwa 102, karibu asilimia 94. Yule mwenye malalamiko matano ndiye bora, kwa sababu ushahidi wake ni mwingi.

Wingi wa ushahidi nao una kanuni yake. Muuzaji mwenye asilimia 90 kutoka kwa watu mia moja, ukweli wake unaweza kupungua au kuzidi kwa takriban pointi 6. Ukitaka kuupunguza wasiwasi huo hadi pointi 3, watu mia mbili hawatoshi. Wanatakiwa mia nne. Kuufanya wasiwasi kuwa nusu kunadai ushahidi mara nne. Kwa hiyo tofauti ya 4.6 na 4.7 kati ya wauzaji wawili wenye maoni thelathini kila mmoja haikuambii lolote.

Hesabu hizi zote zimejengwa juu ya dhana kwamba kila mteja anasema, anasema kweli, na anasema kwa akili yake mwenyewe. Dhana hizo tatu tuzijaribu moja moja.

Walionyamaza

Kuandika oni ni kazi ambayo mwandishi hagawiwi matunda yake. Wewe umeshanunua, maneno yako yatamfaidi mwingine. Kitu kinachomgharimu mmoja na kuwafaidi wote kwa kawaida hupungua. Resnick na Richard Zeckhauser, walipochunguza biashara za eBay, waliona kuwa takriban nusu tu ya wanunuzi waliacha oni, na walioacha oni baya hawakufika hata asilimia moja. Je, wengine wote waliridhika?

Chrysanthos Dellarocas na watafiti wengine walilitilia shaka hilo, na Chris Nosko na Steven Tadelis wakapendekeza tuusome ukimya wenyewe. Fikiria wauzaji wawili, kila mmoja ana maoni 49 mazuri na moja baya. Ubaoni wote wana asilimia 98. Lakini wa kwanza ameuza mara 60, na wa pili ameuza mara 100. Kwa wa kwanza, watu 49 kati ya 60 walisukumwa na furaha hadi wakaandika. Kwa wa pili ni 49 kati ya 100, na 50 waliondoka kimya. Ukimya wa wengi mara nyingi ni wa mtu aliyeudhika kidogo, asiyetaka ugomvi.

Ugomvi nao ulikuwa na sababu. Kwa miaka mingi eBay iliwaacha wauzaji wamjibu mnunuzi kwa alama mbaya. Mnunuzi aliyelalamika alilipiziwa, hivyo wengi walimeza maneno yao. Mwaka 2008 kampuni hiyo iliwaondolea wauzaji uwezo wa kuwapa wanunuzi alama mbaya. Airbnb, inayounganisha wenye nyumba na wageni, ilichagua njia nyingine mwaka 2014: kila upande unaandika bila kuona mwenzake ameandika nini, na maoni yote mawili yanafunuliwa kwa pamoja.

Hata hivyo, mtu aliyelala nyumbani kwako na kunywa chai yako anaona haya kukupa nyota tatu. Georgios Zervas, Davide Proserpio na John Byers walipozihesabu nyumba za Airbnb, karibu asilimia 95 zilikuwa na wastani wa nyota 4.5 au 5, ilhali hoteli kwenye TripAdvisor, tovuti ya maoni ya wasafiri, zilikuwa na wastani wa 3.8. Funzo lake ni kwamba nyota haina thamani ya peke yake. Inasomwa kwa kulinganishwa na majirani zake. Mahali ambapo karibu kila mtu ana 4.5 na kuendelea, mwenye 4.2 yuko mkiani.

Na wanaosema, je, wanasema kwa akili zao? Lev Muchnik, Sinan Aral na Sean Taylor walichapisha jaribio lao katika jarida la Science mwaka 2013. Kwenye tovuti moja ya habari walichukua maoni ya wasomaji na kuyapa baadhi, kwa kubahatisha, kura moja ya kuunga mkono mara tu yalipowekwa. Kura hiyo moja ya bandia iliongeza kwa asilimia 32 uwezekano wa msomaji wa kwanza kuunga mkono, na mwishowe alama za maoni hayo zikawa juu kwa wastani wa asilimia 25. Bendera hufuata upepo, na upepo wa kwanza unaweza kuwa wa kutengenezwa.

Gharama ya uongo

Hapo ndipo matapeli wanapoingilia. Mwaka 2017 mwandishi wa Uingereza, Oobah Butler, alikisajili kibanda alichokuwa akiishi huko Dulwich, kusini mwa London, kama mgahawa kwenye TripAdvisor. Marafiki zake waliandika sifa. Picha za vyakula zilikuwa za povu la kunyolea na vitu vya namna hiyo. Watu walipopiga simu kuweka nafasi waliambiwa pamejaa, jambo lililozidisha hamu. Ndani ya miezi michache kibanda hicho kikawa mgahawa namba moja wa London kwenye tovuti hiyo, kabla ya kumhudumia mteja hata mmoja.

Iliwezekana kwa sababu oni la uongo liligharimu dakika chache tu. Kanuni ya msingi ni hii: ushahidi una uzito sawa na gharama ya kuughushi. Dina Mayzlin, Yaniv Dover na Judith Chevalier waliionyesha kanuni hiyo mwaka 2014 kwa kulinganisha tovuti mbili za hoteli. Kwenye Expedia aliyeruhusiwa kuandika ni aliyelipia chumba hapo. Kwenye TripAdvisor mtu yeyote angeweza. Hoteli zilizokuwa na sababu kubwa ya kughushi, hasa zile ndogo zinazojitegemea, zilionekana kuwa na nyota tano nyingi zaidi kwenye TripAdvisor kuliko kwenye Expedia. Na hoteli zilizopakana nazo zilikuwa na nyota moja na mbili nyingi zaidi huko huko. Watu hujisifu na kumpaka matope jirani pale ambapo ni bure.

Kudai malipo kabla ya maoni kunapunguza uongo bila kuumaliza. Muuzaji anaweza kujinunulia bidhaa zake kupitia watu wa kukodi, akatuma hata bahasha tupu ili rekodi ionyeshe mzigo umefika, kisha akajipa nyota. Katika masoko ya mtandaoni ya China mbinu hiyo ilienea kiasi cha kuwa biashara yenyewe, na sheria ya nchi hiyo iliyoanza kutumika Januari 2019 ikaipiga marufuku. Marekani ilitangaza Agosti 2024 kanuni ya kuwaadhibu wanaouza na kununua maoni ya uongo, na Uingereza ikaanza kutumia katazo lake Aprili 2025. Adhabu inafanya kazi kwa mantiki ile ile: inaongeza gharama ya kughushi.

Kuna pia uongo unaojengwa juu ya ukweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Muuzaji anaweza kuuza vifuniko vya simu kwa uaminifu mwaka mzima, akakusanya nyota halali, kisha akazitumia zote kwa siku moja kuuza simu kumi zisizokuwepo. Sifa ni mtaji, na mtaji unaweza kuliwa. Dawa yake ni kutazama tarehe na aina ya bidhaa. eBay huhesabu asilimia ya muuzaji kwa miezi 12 iliyopita, si kwa maisha yake yote. Nawe unapoona nyota mia mbili, uliza ni za nini na za lini.

Nani ameshika kifutio?

Kwetu Afrika Mashariki biashara nyingi ya mtandaoni haipiti kwenye ubao wa namna hiyo. Teksi za Uber, zilizoingia Nairobi mwaka 2015, zina mfumo kamili: dereva na abiria hupeana alama, na anayetoa alama ni aliyesafiri kweli. Soko la mtandaoni la Jumia nchini Kenya huweka maoni ya walionunua chini ya bidhaa. Lakini nguo, viatu, simu na vipodozi vingi huuzwa kupitia Instagram na WhatsApp, na huko ukurasa ni wa muuzaji mwenyewe. Anaweza kufuta lalamiko, kumzuia aliyelalamika, na kubandika picha za jumbe za wateja wenye furaha.

Tuzipime jumbe hizo kwa kanuni tulizozijenga. Muuzaji mwaminifu mwenye wateja mia ana jumbe ishirini za shukrani za kubandika. Tapeli aliyewatapeli themanini kati ya mia naye anazo ishirini. Ushahidi unaoonekana kwa namna moja kwa mwema na kwa mwovu hautofautishi mwema na mwovu. Haijalishi ni mzuri kiasi gani. Uzito wake ni sifuri. Idadi ya wafuasi nayo iko hivyo hivyo, kwa kuwa wafuasi hununuliwa. Ubao unakuwa ushahidi pale tu aliyeshika kifutio si yule anayesifiwa.

Ndiyo maana wanunuzi wa kwetu wamebuni njia nyingine. Wengi hudai kulipa baada ya mzigo kufika, au kumtuma ndugu aliyeko Kariakoo akaushike kwanza. Hawajarudi nyuma kimaendeleo. Wanatatua tatizo la Akerlof kwa upande wa pili: badala ya kutafuta taarifa kuhusu muuzaji, wanazuia pesa hadi taarifa kuhusu bidhaa ipatikane. Alibaba, kampuni ya China ya masoko ya mtandaoni, ilifanya hivyo hivyo kwa mamilioni ya watu ilipoanzisha Alipay mwaka 2004: pesa ya mnunuzi ilishikiliwa kama amana na mtu wa kati, muuzaji akalipwa mzigo ulipothibitishwa kufika. Nyota na amana zinasaidiana. Nyota zinaiweka rehani kesho ya muuzaji. Amana inaiweka rehani pesa ya leo. Asiye na kesho ya kupoteza, mdai amana. Nchini Tanzania Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha wateja, lakini sheria hufika baada ya hasara, na kinga ya mnunuzi inatakiwa kabla.

Tumeanza na swali la jinsi maneno ya wageni yanavyoweza kumfanya mgeni aaminike. Nyota tano hazipimi wema wa mtu. Zinapima ni kiasi gani atapoteza akikudanganya, na ni watu wangapi watalisikia hilo. Kwa hiyo, kabla ya kutuma pesa, maswali ni manne. Maoni ni mangapi, na ni ya karibuni? Aliyeandika alilazimika kununua kwanza? Nani anaweza kuyafuta? Na faida ya kunitapeli mimi leo ni kubwa kuliko wateja wangapi wa kesho? Kwa kifuniko cha simu cha shilingi 10,000, majibu ya maswali hayo yanatosha. Kwa kiwanja, panda basi ukakione na upeleke hati kwa wanaohusika, hata kama muuzaji ana nyota elfu.

Swali la tano linamhusu mnunuzi mwenyewe. Kila aliyepata huduma akanyamaza amewapunguza wale kumi na wawili ambao muuzaji anawaogopa. Anayeandika mistari miwili ya kweli, iwe ya sifa au ya lawama, anaiongezea kesho ya muuzaji uzito, na anamsogeza mnunuzi asiyemjua karibu na theluthi mbili.